Sifuri ya Gitambi

Jumatatu, 26 Februari

Chef anataka kila kosa la programu liandikwe: lilionekanaje, lilitoka wapi, lilirekebishwa vipi. Hayo nitayaandika kwenye kompyuta ya kazi, kwa Kifaransa, kama anavyopenda. Hapa nitaandika yanayobaki.

Kazi yenyewe ni kuwaonya watu wa milimani kabla udongo haujawaangukia. Vipimo vya mvua vinawekwa mashambani, kila kimoja kina laini ya simu ndani yake. Vinatutumia namba hapa Kamembe, upande wa Rwanda, programu inajumlisha mvua ya siku chache, ikizidi kiasi inatuma ujumbe kwenye simu za watu wa huko. Tuko wawili tu, juu ya duka la vigae: mimi na Christophe-Aimé, ambaye namwita Chef, yaani bosi, ingawa hanizidi hata miaka kumi. Alikulia Bukavu kama mimi, akasoma Ulaya, akarudi na Haskell, lugha ya kuandikia programu, kama wengine wanavyorudi na dini mpya. Hacheki. Anavaa koti hata jua likiwaka.

Jumatano, 28 Februari

Katika lugha hii kila kitu kina aina yake, na aina inatangazwa mapema. Kompaila, yaani programu inayosoma tulichoandika kabla ya kukubali kukiendesha, inakagua kama aina zinapatana. Ukiipa neno mahali ilipotarajia namba, inakataa, na hakuna kinachoendelea. Programu nilizozoea kuandika zilikuwa zinakubali kila kitu, halafu zinaharibika mbele ya mteja. Hii inakuharibia asubuhi yako mwenyewe.

Nimemwambia Chef hivyo. Alisema, "Bora asubuhi yako."

Ijumaa, 1 Machi

Kompaila imekataa. Mvua kidogo.

Jumatatu, 4 Machi

Imekataa. Ilionyesha kosa mwishoni mwa faili. Kosa lenyewe lilikuwa juu kabisa, mahali nilipoandika jibu la swali lisiloulizwa. Nimejifunza kusoma ujumbe wake kuanzia chini.

Jumatano, 6 Machi

Leo swali la kweli. Kipimo kinaweza kunyamaza: betri imekufa, mtandao umekatika, mbuzi amekiangusha. Kwa hiyo kinachotufikia si namba, ni labda-namba: ama kuna namba ndani, ama kuna kimya. Na huwezi kujumlisha labda-namba na namba. Kompaila inakushika shati na kukuuliza: kikiwa kimya, utafanya nini?

Nilimpelekea Chef swali hilo. "Tutaamua," alisema. "Kwa sasa acha nafasi tupu kwenye skrini. Usiijaze na kitu."

Nafasi tupu ni mbaya kuangalia, inafanana na jino lililong'oka. Lakini nimeiacha.

Jumanne, 12 Machi

Tumekwenda Gitambi kuweka kipimo. Tulipokelewa na Niyonsaba, mkuu wa kijiji. Zamani alikuwa anavusha maharage mpaka Bukavu, kwa hiyo tulisikilizana kwa Kiswahili bila shida. Kinyarwanda changu bado kinachechemea. Alituchagulia shamba la migomba la Mzee Munyemana, lililo juu ya nyumba yake, chini kidogo ya mteremko unaoogopwa.

Mzee aliendesha malori ya simenti kutoka Muganza mpaka mgongo ukakataa. Alikizunguka kipimo kama mtu anayekagua gari la kununua.

"Sasa hii kitu itajua mulima iko inataka kuanguka?"

"Mlima haiujui, Mzee. Inajua mvua tu."

"Mvua hata miye niko najua," alisema, na mkewe, Maman Mukankusi, akacheka mpaka akaweka chini kikombe. Alitupa uji wa mtama. Chef alikunywa viwili. Sikujua kwamba anakunywa uji.

Ijumaa, 22 Machi

Jana mchana programu ilituma ujumbe wa hatari Gitambi. Niyonsaba alipiga filimbi, watu wakashuka kulala kanisani. Leo kulikucha na jua. Alinipigia mwenyewe.

"Dada Josiane, batu balilala ku kanisa na batoto, juu ya manyunyu. Na bameiba mbuzi ya Mzee Munyemana. Zote mbili."

Nimelitafuta kosa siku nzima. Vipimo vingine vinatuma milimita. Hiki cha Gitambi ni cha toleo jipya, kinatuma sehemu za kumi za milimita, na karatasi iliyokuja nacho haikusema. Manyunyu yakahesabiwa kuwa gharika. Kompaila haikuona kitu, kwa sababu kwake zote mbili zilikuwa namba, na namba na namba zinapatana.

Jumatatu, 25 Machi

Nimezitenganisha. Sasa Milimita ni aina moja, Sehemu ya Kumi ni nyingine, na hazichanganyiki bila kupitia mlango mmoja wa kuzibadilisha. Nilipomaliza kutangaza hivyo kompaila ilikataa kila mahali tulipokuwa tumezichanganya bila kujua, pamoja na mahali ambapo nisingepafikiria kamwe. Nilipitia mahali baada ya mahali. Ilipokubali mwishoni, nilikaa tu nikiangalia skrini. Nimeanza kuelewa kwa nini Chef anaipenda.

Yeye alisoma nilichoandika na kusema, "Vizuri." Hilo ni neno kubwa kwake.

Jumamosi, 30 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tumezibua mifereji ya barabara. Maman, mama yangu, anasema nyanya za Bukavu zimepanda bei kwa sababu ya mvua. Kesho Pasaka.

Jumatano, 10 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Maduka yanafungwa mchana, mji uko kimya. Mvua kila siku. Vipimo vyote vinafanya kazi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimerudi kutoka arusi ya binamu yangu ng'ambo, Bukavu. Wakati sikuwepo walikuja wageni wanaotaka kutusaidia kupeleka vipimo wilaya nyingine. Chef aliwaonyesha kazi peke yake. Anasema walifurahi.

Skrini ni safi. Hakuna nafasi tupu hata moja, safu zote zimejaa namba. Nilimuuliza zile za kimya zimekwenda wapi. "Niliziweka sawa," alisema, na kuendelea na simu yake.

Ningeuliza tena kama angekuwa mtu mwingine. Yeye ndiye mtu anayenirudishia faili kwa ajili ya nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Sasa programu inatuma ujumbe kila mchana kwa kila kijiji, si siku za hatari tu. Wageni ndio waliotaka hivyo.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Barabara ya kwetu imekatika, nimepita kwa jirani. Leo Maman hakuvuka kwenda Bukavu.

Jumatano, 8 Mei

Jana sikuandika. Nitaandika yote sasa, kwa mpangilio yalivyokuja.

Jana ilinyesha Kamembe tangu alfajiri, ile mvua isiyo na upepo, inayoshuka tu. Chef alikuwa kwenye mkutano mjini. Baada ya chakula cha mchana niliangalia skrini. Nyakarenzo ilikuwa juu, Muganza juu, vipimo vyote vinapanda. Gitambi: sifuri. Rangi ya kijani.

Nilifikiri kwanza kwamba labda mvua imepita kando. Hilo hutokea, mlima mmoja unanyeshewa na wa pili unaanika nguo. Lakini Nyakarenzo wako jirani. Nikampigia Niyonsaba.

"Papa Niyonsaba, kwenu iko mvua?"

"Mvua? Haijasimama tangu usiku. Njia ya ku soko imekuwa muto."

"Na batu bako wapi?"

"Ku manyumba. Tulipata message yenu: hakuna mvua kubwa, hakuna hatari. Njo maana tumebaki."

Nilimwambia angoje. Nikafungua programu, mahali ambapo labda-namba inageuzwa kuwa namba, mahali ambapo Mwezi wa Tatu nilikuwa nimeacha swali bila jibu. Jibu lilikuwepo. Mstari mmoja: kikiwa kimya, weka sifuri. Pembeni yake tarehe ya siku wageni walipokuja na jina la aliyeandika.

Kompaila ilikuwa imeuliza, na mtu alikuwa ameijibu. Ikaridhika. Haina njia ya kujua kwamba jibu ni la uongo.

Kipimo cha Gitambi kilikuwa kimenyamaza tangu asubuhi. Na kwa kuwa kilinyamaza, tulikuwa tumewaandikia watu kwamba hakuna mvua, wakiwa ndani ya mvua.

"Papa Niyonsaba, ile message si ya kweli. Toa batu."

"Ni mashine inasema vile?"

"Mashine haijui kitu. Ni miye nasema."

Nilisikia maji yakigonga mabati nyuma yake.

"Dada, mara ya kwanza mashine ilisema mutoke, tukatoka bure. Leo mashine inasema mubakie, weye unasema mutoke. Batu batanisikia namna gani?"

"Baambie kipimo kimekufa. Baambie Josiane njo anabaomba."

"Sawa," alisema. "Napiga filimbi."

Chef aliingia akiwa amelowa. Sikumweleza, nilimgeuzia skrini tu. Alisoma ule mstari, kisha akasoma jina, kana kwamba angeweza kukuta la mtu mwingine. "Twende," alisema.

Gari lake ni dogo. Tulipita Nyakarenzo polepole, maji yakivuka barabara rangi ya chai ya maziwa. Tulipokaribia simu ilipatikana, akampigia mkubwa mmoja wa mradi. Nilimsikia akisema: "Kipimo kilikatika. Mtandao, nafikiri." Hakusema uongo. Niliangalia nje.

Tulifika kungali mchana. Mteremko ulikuwa umeshaanguka. Sikuwahi kuona kitu kama kile: migomba imesimama wima ndani ya tope, chini kabisa, mahali ambapo haikupandwa. Nyumba tatu zilikuwa zimefunikwa. Watu wake walikuwa kanisani, Niyonsaba alikuwa amewatoa, wengine kwa kuwavuta. Isipokuwa Mzee Munyemana.

Maman Mukankusi alikaa juu ya benchi la kanisa, tope mpaka magotini, hana kiatu kimoja. Nilipiga magoti mbele yake. Aliniambia bila kulia.

"Nilimuvuta ku mukono. Akasema, 'Ona, banaandika hakuna hatari.' Akanionyesha simu. Akasema mara ya kwanza alienda akapoteza mbuzi, leo message yenyewe inasema abakie, ataenda wapi? Aliingia kwa ng'ombe. Nikatoka na mutoto ya jirani mu mugongo. Nilisikia tu."

Wanaume walichimba na majembe ya shamba. Chef alivua koti akachimba nao. Walimpata kabla giza halijaingia, karibu na zizi. Ng'ombe naye alikuwa amekufa.

Nimeandika yote. Mkono unaniuma.

Ijumaa, 10 Mei

Ujumbe wote umesimamishwa mpaka kazi yetu ichunguzwe. Chef haji ofisini. Mimi nakuja, nakaa, naangalia ule mstari. Sijaufuta.

Jumapili, 12 Mei

Tumezika jana. Kule mazishini nilisikia wanavyosema. Kichwa nguvu, mkaidi. Mkuu wa kijiji alipiga filimbi, mkewe alimvuta, yeye akabaki kwa sababu ya ng'ombe, kichwa nguvu. Walisema kwa huruma, lakini walisema. Hata mchungaji alihubiri juu ya kusikiliza. Maman Mukankusi alikuwa ameinamisha kichwa, akisikia mumewe akihukumiwa.

Chef alisimama nyuma kabisa. Nilimwona akisikia.

Jumatatu, 13 Mei

Amekuja ofisini. Amekonda. Alisema, "Ripoti inaombwa. Naweza kuandika kwamba kipimo kilinyamaza. Ni kweli."

"Ni kweli," nilisema.

"Na wewe utaandika nini, wakikuuliza?"

"Nitaandika kwamba kipimo kilinyamaza, na sisi tukasema sifuri."

Alikaa. Kisha akaniambia kilichotokea siku ile ya wageni: vipimo viwili vilikuwa kimya, skrini ina mashimo, wao wako ngazini wanapanda. Alikuwa na nia ya kuurudisha mstari ule ulivyokuwa jioni hiyo hiyo. Jioni wageni walimpeleka kula samaki. Kesho yake akasahau.

Nilikuwa nimemweka mahali pa juu mno, halafu kwa siku kadhaa nikamweka chini mno. Leo nilimwona mtu aliyechoka, mwenye tope bado kwenye mkunjo wa suruali, aliyefanya kitu ambacho mimi ningekifanya nikiwa na wageni ngazini. Sikumwambia hivyo. Haingemsaidia, na haingemrudisha Mzee.

Jumatano, 15 Mei

Tulikwenda kumaliza matanga. Ndugu walipomaliza kusema, Chef aliomba nafasi. Kinyarwanda chake ni kama changu, akaomba aseme Kiswahili na Niyonsaba atafsiri.

"Mzee Munyemana hakukataa kusikia," alisema. "Alisikia siye. Message yenye alisoma ilitoka kwetu. Kipimo kilinyamaza, na programu ikasema hakuna mvua. Ile programu haikujiandika. Miye njo niliandika pale, kwa mukono yangu, juu ya kupendeza wageni. Mukisema ni kichwa nguvu, munamuonea. Kosa ni yangu. Na ku ripoti nimeandika vile."

Niyonsaba alitafsiri nusu, akasita, akamalizia. Kijana mmoja wa ukoo alisimama, nikafikiri atampiga, lakini shangazi yake alimshika akakaa.

Maman Mukankusi aliuliza, "Juu ya nini unaniambia leo?"

"Juu ya vile banamusema."

Aligeuka kwa watu wake na kusema kwa Kinyarwanda, polepole, kiasi kwamba hata mimi nilielewa: "Mumesikia. Alisoma alichoandikiwa." Alilirudia neno hilo. Baadaye tu ndipo akamjibu Chef. "Sasa mukatoe kile kipimo mu shamba yangu. Sitaki kukiona."

Kipimo kilikuwa chini ya udongo pamoja na shamba. Hakuna aliyemkumbusha. Chef alisema, "Ndiyo, Maman."

Ijumaa, 17 Mei

Nimefuta mstari. Kompaila ikakataa mara moja, ikauliza swali lake lile lile la Mwezi wa Tatu: kikiwa kimya, utafanya nini? Safari hii tulikaa wote wawili tukajibu.

Kimya si sifuri. Tumekipa aina yake, Kimya, na kila sehemu ya programu sasa inalazimika kusema itafanya nini ikikikuta. Jumla ya mvua yenye kimya ndani yake haiitwi tena jumla. Ujumbe wa "hakuna hatari" hauwezi kuandikwa kutokana nayo. Nilijaribu kuuandika makusudi, kompaila ikakataa. Nilijaribu kwa njia nyingine. Ikakataa.

Jumanne, 21 Mei

Wachunguzi wameona kazi, wamemhoji Chef asubuhi nzima. Mradi unaendelea, ila yeye si msimamizi tena. Wameweka jina langu. Anabaki kuandika programu, na mimi ndiye nitakayekagua anachoandika. Alinisogezea kiti chake. Nilimwambia abaki nacho, changu kinanitosha.

Alhamisi, 23 Mei

Kipimo kipya Gitambi, uani kwa kanisa. Maman Mukankusi anaishi kwa dada yake, nyumba ya pili kutoka hapo. Alipita, akasalimia, hakusimama.

Jumatano, 29 Mei

Nilidhani mvua imekwisha. Jana ilirudi, nzito, na mchana kipimo cha Gitambi kikanyamaza. Mtandao wa eneo lote ulikuwa unakuja na kuondoka. Tulisimama mbele ya skrini, mimi na Chef. Kwenye safu ya Gitambi paliandikwa Kimya, kwa rangi ya njano, na programu yenyewe ikatuma ujumbe, bila kutusubiri sisi. Kwa Kinyarwanda, maana yake ni hii: Hatujui. Kipimo chenu hakisemi. Angalieni mlima wenyewe, mkiwa na shaka tokeni.

Hatukujua kama umefika. Simu ya Niyonsaba haikupatikana. Chef alichukua funguo za gari, mimi nikaendelea kupiga. Alikuwa ameshafika mlangoni Niyonsaba alipopokea.

"Tuliipata," alisema. "Tuko ku kanisa tangu ile saa."

"Mulima je?"

"Mulima haijaanguka. Labda haitaanguka. Kuna wenye bako banalalamika, banasema mashine gani hii, inatuma message kusema haijui."

"Na weye ulibaambia nini?"

"Sikubaambia kitu. Maman Mukankusi njo alitangulia kutoka, batu bakamufuata." Alisogeza simu mbali na mdomo, nikasikia watoto, na mtu anakohoa, na mvua. "Nimebahesabu, dada. Bote bako hapa."